Hadithi za chimbuko la viziwi: za wenzetu tunazijua, zetu nani atazisimulia?

MwanaBweni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie baadaye.

Pwani yetu ina hadithi ya majahazi saba yaliyotoka Shirazi. Ali bin Hassan akafika Kilwa, akakinunua kisiwa kwa nguo ya kutosha kukizunguka chote, na kuanzia hapo watu wa Kilwa wakapata pa kuanzia wanapojieleza. Wanaakiolojia wamechimba na kuonyesha kuwa mji ule uliinuliwa na wenyeji wa pwani hii hii. Hadithi bado inasimuliwa, maana inajibu kile ambacho vigae vya vyungu haviwezi kujibu: tulianzaje kuwa sisi?

Mimi ni kiziwi, na swali hilo kwangu lina ugumu wake. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa viziwi wana wazazi wanaosikia. Nina ukoo, nina kabila, nina babu aliyesifika kijiji kizima kwa kusimulia. Lakini bibi alipozima koroboi na babu akaanza "Paukwa!", wenzangu walijibu "Pakawa!" na mimi nikabaki naangalia giza. Hadithi za viziwi wenzangu nilizikuta bweni, kwa wakubwa, usiku, mmoja kashika tochi akimmulika msimuliaji mikono na uso. Nadhani viziwi wengi mtanielewa: ukoo wetu haupiti kwa baba na mama, unapita bweni hadi bweni. Ndiyo maana kwetu hadithi ya chimbuko si ya kuburudishia watoto tu. Asiyeipata hapo anaweza kuzeeka akidhani yeye ndiye wa kwanza duniani.

Sasa nije kwenye hadithi yenyewe. Maarufu kuliko zote inatoka Ufaransa, na viziwi wa kule wameisimuliana kwenye vilabu vyao kwa vizazi. Ni usiku wa giza. Padre anatembea, kachoka, anatafuta pa kulala. Kwa mbali anaona mwanga wa nyumba. Anabisha hodi, kimya. Mlango uko wazi, anaingia. Mabinti wawili wamekaa karibu na moto, wanashona. Anawasalimu, hawainui macho. Anasogea, anawasemesha tena, hakuna jibu, anaanza kufikiri ni kiburi. Mama yao anaingia na kumweleza huku analia kwamba wanawe wote wawili ni viziwi. Padre anakaa nao, na kuanzia usiku ule anaijua kazi ya maisha yake.

Padre huyo ni mtu wa kweli, Charles-Michel de l'Épée, aliyezaliwa 1712 na kufariki 1789. Shule yake ya viziwi jijini Paris, iliyoanza nyumbani kwake, ndiyo mama wa shule nyingi zilizofuata Ulaya na Marekani. Mabinti nao walikuwepo, mapacha. Ila kumbukumbu zinasema walikwisha kuanza kufundishwa kwa picha na padre mwingine, Vanin, ambaye alifariki wakabaki bila mwalimu. Masuala ya kutembea usiku na mwanga wa mbali wameyatia viziwi wenyewe.

Na wameyatia kwa akili. Kiziwi yeyote anaijua ile hodi isiyojibiwa, anaijua kutokea ndani ya nyumba. Mimi huisimulia nikiwa upande wa mabinti. Ninashona. Sindano inaingia, uzi unavutwa. Kivuli kinaangukia kitambaa. Nainua kichwa, mbele yangu kuna mtu mzima amevaa joho jeusi na mdomo wake unachezacheza. Wenzangu wakifika hapo hushtuka wote, maana kila mmoja ameshawahi kushtukizwa hivyo.

Lakini kuna kitu kinanikera. Hadithi hii inampa padre kila kitu, utadhani kabla yake tulikuwa hatuna lugha. Si kweli. Mwaka 1779, Épée akiwa hai, kiziwi aitwaye Pierre Desloges, fundi wa kujalidi vitabu, alichapisha kitabu akieleza kuwa viziwi wa Paris walikuwa wakizungumza kwa alama juu ya kila jambo, pamoja na wale ambao hawakuwahi kukanyaga shule yoyote. Huyo ndiye ningetaka watoto wetu wamjue. Fundi, mikono ina gundi, anaandika kuwatetea wenzake.

Swali langu kwenu: sisi huku hadithi yetu ya chimbuko ni ipi? Na nani anayeisimulia?

KumbukumbuKwanza

Mkuu, uzi mzito, hongera. Ila mimi ni mtu wa nyaraka na naona hatari. Umesema mwenyewe kuwa usiku na mwanga vimeongezwa. Sasa kwa nini tuwape watoto viziwi hadithi iliyotiwa chumvi wakati historia ya kweli ipo? Watoto hawa tayari wananyimwa taarifa nyingi. Wape tarehe, majina, wape Desloges. Hadithi waachie wazee wa Kilwa.

MwanaBweni

KumbukumbuKwanza, nakuheshimu na sikatai tarehe. Ila angalia viziwi wenyewe walivyozitumia hadithi zao.

Mwaka 1834 viziwi wa Paris, wakiongozwa na mwalimu kiziwi Ferdinand Berthier, walianza kufanya karamu kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa Épée. Hotuba zilikuwa kwa alama, na wageni waliosikia ndio walioketi wakihitaji mkalimani. Jina la padre lilikuwa sababu ya kukutana. Miaka minne baadaye, 1838, Berthier na wenzake wakaunda chama chao rasmi cha kujitetea. Mtu akisema hadithi ile haikufanya kazi, chama kile kilitoka wapi?

Kisha likaja la Milano. Mwaka 1880 wajumbe 164 wa mkutano wa walimu wa viziwi waliamua kuwa kusema kwa mdomo ndiko kufundishwe na alama ziondolewe. Kiziwi aliyehesabiwa kati ya wajumbe hao ni mmoja tu. Walimu viziwi wakaondolewa mashuleni, watoto wakachapwa kwa kunyoosha mikono. Muulize kiziwi yeyote aliyesoma historia yake, "Milano" analitaja kama wengine wanavyotaja Gharika.

Mwaka 1913 George Veditz, aliyekuwa rais wa chama cha taifa cha viziwi Marekani, alisimama mbele ya kamera akatoa hotuba kwa alama ili lugha yake isipotee. Alipotaka kuwaeleza wale walimu wa mdomo alisema wamekuja Mafarao wapya wasiomjua Yusufu. Msomaji wa Kutoka anajua maana yake: watu waliofaidi wema wa mgeni wameusahau, sasa wanawatesa wanawe. Veditz angeweza kutaja sheria na tarehe. Alichagua Yusufu, na filamu ile viziwi wanaitazama mpaka leo. Mkutano wa Milano ulikuja kujutiwa rasmi mwaka 2010 huko Vancouver, miaka 130 baadaye. Katika miaka hiyo yote, waliobaki bila mwalimu kiziwi walishikilia nini? Hadithi.

Mwalimu_wa_Ziwani (Kisumu)

Mimi nafundisha watoto viziwi na ninasikia, kwa hivyo nisahihishwe nikikosea. Kinachonisumbua ni hadithi ambazo sisi wanaosikia tumewasimulia viziwi kwa karne nyingi. Zote zina mwisho mmoja. Mgiriki Herodoto anasimulia habari za mfalme Croesus wa Lydia aliyekuwa na wana wawili. Mmoja alikuwa hasikii wala hasemi, na mfalme anasema waziwazi kuwa huyo hamhesabu. Mji wa Sardis ulipoanguka na askari akainua silaha amuue mfalme, yule kijana akapaza sauti kumwokoa baba yake. Siku anayosema ndiyo siku anayokuwa mwana.

Hata kanisani watoto wangu hufundishwa sana ile sura ya 7 ya Marko, kiziwi anafunguliwa masikio. Simpingi mtu imani yake, mimi mwenyewe ni muumini. Ila nimeanza kuwafundisha pia Luka sura ya kwanza, pale Zakaria amefungwa ulimi na watu wanamuuliza kwa ishara mtoto aitwe nani, naye anaomba kibao anaandika. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alinishika mkono akauliza, "Walikuwa wanajua alama?" Alitaka nirudie tena na tena. Ulimi wake unafunguka baada ya kuandika, lakini kabla ya hapo watu wameshaelewana.

Huku Kenya Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ni jambo kubwa. Lakini Katiba haimwambii mtoto ametoka wapi.

Kaka_wa_Buja (Bujumbura)

Mleta uzi ameuliza hadithi yetu ni ipi. Mimi nasema ni Andrew Foster, na sielewi kwa nini hajatajwa hadi sasa.

Mtu mweusi kutoka Alabama, amezaliwa 1925. Akiwa na miaka 11 homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi, yeye na ndugu yake. Shule ya viziwi weusi kule kwao ilikuwa haimfikishi mbali. Akapambana mpaka mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington. Mwaka 1957 akafika Ghana. Aliambiwa na watu kuwa viziwi hawapo. Wapo, wamefichwa majumbani. Akawatafuta. Ghana, Nigeria, Kodivaa, Togo, Chadi, Kameruni, Zaire, hata kwetu Burundi: alianzisha zaidi ya shule 30 katika nchi zaidi ya 10. Desemba 1987 ndege ndogo aliyopanda ikaanguka Rwanda, akafa huko.

Soma tena hayo kama hadithi. Anatoka mbali, anavuka maji, anaambiwa unaowatafuta hawapo, anabisha mlango mmoja mmoja. Anafia njiani katika nchi ya milima akiwa bado kazini. Huyu si padre anayesikia aliyeingia kwa bahati. Ni kiziwi anayewatafuta viziwi wenzake, na ni mweusi kama sisi. Ukimpa msimuliaji mzuri wa alama, ana kazi ya usiku kucha.

AlamaZaKale

Kaka wa Buja, nakubali ukubwa wa Foster, ila tuseme yote. Alikuja na alama za Kimarekani. Shule zake zilipokua, alama hizo zikakua nazo, na leo viziwi wengi wa Afrika Magharibi wanatumia lugha zenye mizizi ya Marekani. Ghana kuna kijiji cha Adamorobe ambako uziwi unarithiwa, na watu wake walikuwa na lugha yao ya alama muda mrefu kabla ya Foster kuzaliwa. Wanaosikia na wasiosikia wote waliitumia. Kaskazini mwa Nigeria kuna alama za Kihausa, nazo hazikutoka shuleni. Sasa lugha ya Adamorobe inafifia kwa watoto waliopelekwa shule. Tena mwaka 1975 chifu wa pale alipiga marufuku kiziwi kumwoa kiziwi, ili uziwi upungue. Nani anasimulia hilo?

Mkimfanya Foster kuwa mwanzo, mmefuta waliomtangulia, kama Épée alivyomfunika Desloges.

MwanaBweni

AlamaZaKale, nimelisoma bandiko lako taratibu. Hoja yako naichukua yote, na nadhani ndiyo inayotuonyesha hadithi isimuliweje. Foster abaki, lakini mlango unapofunguka, yule aliye ndani asiwe ameketi tu akisubiri. Awe tayari anazungumza kwa mikono na dada yake, na mama, na jirani wa sokoni. Foster aingie akute lugha. Msimuliaji asimame kidogo hapo, atumie alama za nyumba ile kabla hajaleta za mgeni. Tukifanya hivyo hatujapunguza chochote cha kweli, tumeongeza kilichokosekana.

Kisiwa cha Martha's Vineyard huko Massachusetts ndicho viziwi wengi hukitaja wanapotaka kuonyesha kuwa inawezekana. Kwa zaidi ya miaka 200 kulikuwa na viziwi wengi wa kuzaliwa, na katika mji wa Chilmark ilifikia takriban mtu 1 kati ya 25. Wavuvi waliosikia walitumia alama wakiwa baharini, majirani walizitumia dukani. Wazee walipoulizwa baadaye kuhusu fulani na fulani, walikumbuka kuwa alikuwa mvuvi hodari, na uziwi wake ukaja baadaye katika mazungumzo. Kiziwi wa mwisho wa ukoo ule alifariki mwaka 1952. Hiyo ni historia yenye nyaraka, KumbukumbuKwanza, lakini viziwi wanaisimulia kama watu wanavyosimulia nchi ya maziwa na asali. Na huko Bali, kijiji cha Bengkala, chenye viziwi wengi na lugha yake ya alama, kuna imani ya kuwepo kwa mungu kiziwi. Mtoto wa pale anakua akijua hata mbinguni kuna anayefanana naye.

DadaCherehani (Mwanza)

Habari zenu. Mimi ni kiziwi, ni fundi cherehani, sijasoma sana. Kaka zangu mnaongea mambo ya Ulaya na Marekani, ni sawa, lakini mwanzo wetu hauhitaji kwenda mbali. Niwaeleze ninavyosimulia mimi.

Ile ya sungura na simba kisimani mnaijua wote. Wanaosikia husimulia kwamba simba alinguruma na mwangwi ukamjibu kutoka chini. Mimi mwangwi siujui, na kisima changu hakina sauti. Nasimama, mabega juu, vidole vimekuwa kucha, mimi ni simba. Nainama. Nageuza viganja, sasa mimi ni maji, na ndani ya maji kuna simba anayeniangalia. Simba wa juu anatoa meno. Wa chini anatoa meno. Wa juu ananyoosha kucha taratibu. Wa chini ananyoosha kucha taratibu. Hapo huwa nakaa muda mrefu, nabadilisha juu, chini, juu, chini, haraka zaidi, mpaka watoto hawajui tena simba yupi ni yupi. Halafu naruka. Maji yanapasuka (vidole vyote kumi), yanatulia polepole, na sungura anachungulia kwa jicho moja.

Hadithi ni ya mababu zetu wote. Lakini hivyo nilivyoisimulia ni ya viziwi, nilifundishwa na dada mkubwa wa bweni. Mtoto wangu anasikia, na yeye anaisimulia hivyo hivyo. Waliosoma waniambie kama hilo ni historia au siyo.

Mwalimu_wa_Ziwani

Dada, ni historia, na nitaomba unifundishe.

Umenikumbusha simulizi ya Ben Bahan, msomi kiziwi wa Gallaudet, aliyoitoa kwa alama. Tai wawili wanazaa mtoto mwenye mdomo ulionyooka. Wazazi wanampenda, wanampeleka afundishwe kuwinda kama tai, hawezi. Baadaye anakutana na ndege wenye mdomo kama wake, wanakula matunda na kuimba, anafurahi. Wazazi wanashauriwa apasuliwe mdomo upindwe. Anapasuliwa. Sasa hawezi kuwinda vizuri na hawezi kuimba tena, anaruka peke yake. Niliwaonyesha wazazi wa wanafunzi wangu siku ya kikao. Mama mmoja, ambaye kila mwaka aliniuliza ni lini mwanawe ataanza kusema, alikaa kimya, kisha akaniuliza ni wapi anaweza kujifunza alama. Nimewaeleza wazazi wale kwa miaka mingi kwa takwimu na ripoti. Ndege yule alimfikia kwa robo saa.

KumbukumbuKwanza

Nimekubali kwa sehemu. Bado nasema tarehe ziandikwe pembeni. Lakini mtu akiniuliza nyaraka za viziwi wa Afrika Mashariki ziko wapi, namwonyesha nini? Shule ya Tabora ilianzishwa mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Majalada yatakuwa na majina ya walimu, hesabu za chakula, barua za wafadhili. Wanafunzi walichosimuliana usiku hakimo. Wa mwanzo kabisa sasa ni wazee. Nyaraka zenyewe ziko kwenye mikono yao. Basi tufanye nini?

MwanaBweni

Turekodi, na turekodi vizuri. Mambo ninayoyaona muhimu, wengine mwongeze:

Picha ichukue kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, na pembeni kuwe na nafasi. Nimeona video nyingi ambamo mikono inakatwa, ni sawa na kurekodi mtu ukimziba mdomo. Mwanga utoke mbele, si dirishani nyuma yake. Nguo iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi. Asiwepo mkalimani anayemkatiza mzee katikati, tafsiri ya maandishi ije baadaye na mzee aikague. Msikilizaji awe kiziwi, akae mbele yake, maana mzee akimsimulia mtu anayesikia hupunguza alama zake za zamani na kutumia za kueleweka. Alama hizo za zamani ndizo tunazozitaka. Na mzee aseme mwenyewe video iende wapi: mtandaoni, shuleni, au kwa wajukuu tu.

Tuanze na swali moja kwa kila mzee: nani alikusimulia hadithi ya kwanza uliyoielewa?

Kaka_wa_Buja

Huku naweza kuwapata wawili ambao walimwona Foster kwa macho yao. Nitawauliza wiki hii. Kamera sina, simu yangu inatosha?

DadaCherehani

Inatosha, kaka, iegemeze kwenye kitu isitikisike. Mimi nitaanza na yule dada wa bweni, anaishi Geita siku hizi. Kuna mtu yeyote humu anayetoka Tabora?